Kituo cha vifaranga vya samaki, Kibada: perege wa Ruvu, na maswali ya maji kabla ya bei

Wauzaji wengi wa vifaranga vya samaki hapa Dar es Salaam wanakuuliza mambo mawili tu: unataka wangapi, na unalipa kwa simu au mkononi. Kituo hiki cha Kibada, Kigamboni, kina maswali mengine yanayotangulia hayo, na kwa sababu ya maswali hayo nimeamua kukiandikia kwa kirefu. Nimenunua perege wao, nimewafuga kwenye bwawa langu Mpiji Magohe mpaka nikavua na kuuza, kwa hiyo nazungumzia bidhaa ninayoijua tangu ikiwa kwenye mfuko wa nailoni hadi ilipofika kikaangoni.

Njia kwanza. Ukishavuka daraja la Kigamboni, shika barabara ya Kibada inayoelekea Mwasonga. Ukipita maduka ya vifaa vya ujenzi kuna njia ya mchanga upande wa kulia. Bango hakuna, ila bodaboda wa pale wanapafahamu kama "kwa dada wa samaki" na watakufikisha. Kiangazi gari dogo linaingia mpaka getini; masika acha gari kwenye lami. Ndani kuna matangi ya saruji yaliyofunikwa makuti, mabwawa ya udongo, na nyavu zimetundikwa zinakauka. Ni pasafi. Nyavu za bwawa moja haziingii bwawa jingine, na getini kuna beseni la maji ya dawa, lazima ukanyage ndipo upite. Mfugaji aliyewahi kupoteza samaki kwa ugonjwa atajua thamani ya beseni lile.

Mwenye kituo ni dada wa miaka thelathini na kitu, aliyesomea uvuvi. Alinipokea na daftari mkononi.

"Shikamoo mzee wangu. Bwawa lako liko wapi?"

"Marahaba mwanangu. Mpiji Magohe."

"Linapata maji wapi?"

"Kisima kirefu, cha mashine."

"Kina kibali cha bonde?"

"Kinacho."

"Na ukipunguza maji ya bwawa, yanakwenda wapi?"

"Korongoni. Korongo linaingia Mpiji."

Akaandika, kisha akafunga daftari. "Basi baba, wewe sato sikuuzii. Nitakuuzia perege."

Pembeni yangu alikuwepo kijana wa Chamazi anayefuga kwenye matangi uani kwake, maji yake yanaishia kwenye matuta ya mchicha. Huyo aliuziwa sato bila neno. Kwa hiyo si kwamba dada ana chuki na sato. Anaangalia samaki wako akitoroka atafika wapi, na akiona atafika mtoni, biashara ya sato hapo imekwisha hata kama pesa umeshaishika mkononi. Nilimwona akimkatalia mteja mwingine aliyekuja na gari kutoka upande wa Mlandizi, oda kubwa, na akamwacha aondoke. Kwa biashara ndogo kama hii, kukataa mzigo wa namna ile kunauma.

Kwa wasiofuga, nieleze kinachomfanya akatae. Sato, ambaye kitaalamu ni Oreochromis niloticus, si mwenyeji wa mito yetu ya pwani. Hata kule Mwanza tunakomsifia, Ziwa Victoria, aliletwa miaka ya 1950. Mwenyeji wa ziwa lile alikuwa ngege, na leo ngege yuko kwenye orodha ya kimataifa ya viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Sangara, nyavu na uvuvi wa kupindukia vina sehemu yao, lakini na huyu sato aliyeletwa ana yake. Huku kwetu mwenyeji ni perege, Oreochromis urolepis, wa Rufiji, Ruvu na Wami. Sato akitoroka bwawani wakati wa mafuriko akaingia mtoni, anapandana na perege, na watoto wao wanazaa. Baada ya vizazi kadhaa unabaki na mto uliojaa samaki, lakini perege mwenyewe hayumo tena. Watafiti waliozunguka mabonde ya Tanzania wamemkuta sato katika mengi ambayo si kwao, na wamewakuta machotara. Ukienda Ziwa Jipe, kule mpakani Mwanga, kuna jamaa mwingine wa ukoo huohuo anayebeba jina la ziwa lenyewe, Oreochromis jipe, na yeye pia yuko kwenye orodha ileile ya ngege.

Jambo linaloniumiza ni kwamba perege wetu ana sifa ambazo wafugaji wa nje walizigundua zamani kuliko sisi. Yule wa Wami, ambaye ng'ambo walimfahamu kama perege wa Zanzibar, alipata umaarufu kwa sababu dume lake likipandishwa kwa jike la aina fulani ya jamaa zake, karibu watoto wote wanakuwa madume. Mfugaji yeyote anaelewa maana yake: madume tupu, bwawa halijai watoto, samaki wanakua. Watu wa mbali wametumia damu ya mto Wami kutengeneza mbegu, nasi hapa ndio tunaomwaga sato kwenye mito hiyohiyo.

Sasa mzigo wenyewe. Kifaranga wa perege nilimnunua kwa shilingi 200, sato pale ni 150. Oda ya chini ni vifaranga 500. Mfuko, oksijeni na kifungio unalipia pembeni. Wanafunga alfajiri kabla jua halijachomoza, na samaki hawalishwi siku ya kabla ya safari ili wasichafue maji ya mfuko njiani. Kutoka Kibada mpaka Mpiji Magohe, kupita Mandela, Ubungo na Mbezi mwisho, foleni yetu mnaijua. Mifuko ilifika imekaza vilevile. Nilifuata maelekezo ya dada: nikaielesha juu ya maji ya bwawa ikiwa imefungwa, nikaifungua na kuongeza maji ya bwawa kidogo kidogo, ndipo nikawaacha watoke wenyewe. Waliokufa ni wachache mno, na nyongeza aliyoniwekea juu ya oda ilizidi idadi ya waliokufa. Saizi zililingana. Hili la saizi nalisisitiza, maana muuzaji mmoja wa upande mwingine wa jiji, ambaye jina lake nalihifadhi, aliwahi kuniuzia mchanganyiko wa wakubwa na wadogo, na wakubwa wakawala wadogo.

Ukuaji ni pale ambapo mnunuzi anatakiwa asikilize vizuri. Perege hakimbii kama sato. Chakula kilekile, maji yaleyale, sato angemtangulia. Wangu niliwavua wakiwa na gramu 200 hivi kwa wastani, wengine pungufu, ambapo mfugaji wa sato mwenye chakula kizuri anategemea zaidi ya hapo. Anayefuga kwa ajili ya hoteli zinazotaka samaki wa kujaza sahani, biashara hii itambana. Mimi wateja wangu ni majirani na mama lishe wawili wa Mbezi, na wao wanataka samaki wa saizi ya mtu mmoja anayekaangwa mzima. Wanasema nyama yake imeshikana na haina harufu ya tope. Nakubaliana nao kabisa.

Faida nyingine ni chumvi. Perege huyu anavumilia maji ya chumvichumvi vizuri kuliko sato, na visima vingi vya ukanda wa pwani, Kigamboni yenyewe ikiwemo, maji yake yanakaribia bahari kwa ladha. Wenye visima vya namna hiyo mnaolalamika kwamba sato wanadumaa, mjaribuni huyu.

Nimesema dada aliniuliza kibali. Wako wateja waliokasirika kwa swali hilo, nimewasikia: "wewe ni muuza samaki au serikali?" Mimi lilinifurahisha, kwa sababu kabla ya kustaafu kazi yangu ilikuwa kupima mito. Nimesimama sana kwenye kingo za Ruvu nikisoma kina kwenye rula ya chuma na kuandika. Najua maji ya mto yanahesabika, na najua hesabu inavyovurugika mtu mmoja mmoja anapochota bila kuandikwa popote.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inasema maji yote ya nchi ni mali ya umma chini ya dhamana ya Rais, na anayetaka kuyachepusha, kuyakinga au kuyachota kwa shughuli zake anaomba kibali kwa bodi ya bonde. Nchi ina mabonde 9. Sisi wa Dar es Salaam tuko Wami/Ruvu, bodi yake ina makao Morogoro. Wazee wenzangu wanakumbuka zamani tukiita haki ya maji, chini ya sheria ya 1974, na wengine waliamini ukishaipata ni yako milele kama kiwanja. Kibali cha sasa kina kiasi, kina muda, kina masharti, na ukame ukizidi bodi inaweza kukipunguza. Na sheria hiyohiyo imeweka akiba: kiasi cha maji kinachobaki mtoni kwa ajili ya mahitaji ya msingi ya watu na kwa ajili ya viumbe wa mtoni wenyewe. Yaani samaki ametajwa kwenye hesabu. Hakuja kuomba, hana fomu, hana ada ya mwaka, lakini sehemu yake ipo kisheria na hakuna aliyepewa ruhusa ya kuichota.

Dada wa Kibada anatoa karatasi moja, Kiswahili kitupu, inayoeleza hatua za kuomba kibali: nini ujaze, nini upeleke, na kwamba maji yanayotoka bwawani nayo yana utaratibu wake. Anaitoa bure hata usiponunua. Nimeisoma kama mtu wa kazi hiyo na sikuona kosa. Nimepita kwenye maduka ya pembejeo za samaki ya jiji hili, sijapewa karatasi kama ile kwingine.

Tulikaa kwenye benchi tukisubiri mifuko ijazwe, akaniambia ndoto yake. Wazazi wa vifaranga wake aliwapata Ruvu, kwa ruhusa ya watu wa uvuvi, baada ya masika, wakati mto umejaa na samaki ni wengi. Anatamani ifike siku serikali imwambie zalisha, turudishie mtoni. Nilimwambia kwa moyo mweupe kwamba ndoto ni nzuri lakini haitoshi, na namshukuru kwamba hakununa. Tulibishana vizuri. Hoja yangu ni hii: kifaranga si dawa ya mto usio na maji.

Angalieni Ruvu. Mtambo wa Ruvu Juu uliopo Mlandizi una uwezo wa lita milioni 196 kwa siku, Ruvu Chini milioni 270. Jumlisha, gawa kwa sekunde za siku nzima, unapata kama mita za ujazo 5.4 kila sekunde, usiku na mchana, Jumapili na sikukuu. Ndizo zinazonywesha sehemu kubwa ya jiji ambalo sensa ya 2022 ililihesabu watu 5,383,728. Siwezi kusema jiji lisinywe. Mimi mwenyewe nina wajukuu Tabata wanaofungua bomba hilo. Lakini Oktoba mwaka huohuo wa 2022 vuli ilichelewa, mto ukashuka, mgao ukatangazwa, watu wakalala kwenye foleni za ndoo. Wakati huo kila mtu alihesabu madumu. Waliohesabu samaki walikuwa wachache, wakati kina kilekile kilichokuwa kinakosekana kwenye mabomba ndicho kilichokosekana kwenye vidimbwi vya mtoni.

Na perege anajali kina kuliko tunavyodhani. Dume linachimba kiota kwenye maji mafupi kando ya mto, mchangani. Jike linataga, kisha linabeba mayai mdomoni mpaka yaanguliwe, na watoto linawaachia kwenye maji hayohayo mafupi, penye majani, ambako samaki wakubwa hawafiki kirahisi. Mto ukishuka taratibu, wote wanahama nao. Ukishuka kwa ghafla, kwa sababu mashine nyingi zimewashwa juu kwa pamoja au lango limefungwa, viota vinabaki nchi kavu na watoto wanakwama kwenye dimbwi linalokauka kwa jua la mchana mmoja. Nimeviona viota hivyo vimekauka, duara duara kwenye mchanga, upana wa sinia. Hapo hata ukimwaga vifaranga 100,000 kutoka Kibada, umewapeleka kufa.

Ndiyo maana bwawa la Kidunda linanipa matumaini na wasiwasi kwa wakati mmoja. Limepangwa kuhifadhi mita za ujazo milioni 190 za maji ya Ruvu na kuzalisha megawati 20 za umeme. Ukiacha mvuke na maji yanayoendelea kuingia, ujazo ule peke yake unazidi kiasi ambacho mitambo yote miwili ingevuta kwa mwaka mzima. Kwa mgao wa kiangazi ni ukombozi. Kwa samaki inategemea mtu anayeshika lango. Akiachia maji yafuate majira, yapande masika, yashuke polepole kuelekea kiangazi, na yasikatike, perege wa chini ya bwawa anaweza kupata kiangazi kizuri kuliko cha sasa. Akiachia kwa kufuata saa za umeme tu, yapande jioni yashuke usiku wa manane, viota havitapona. Ratiba hiyo inaandikwa kwenye masharti ya kibali, na inaandikwa mapema, kabla ya watu kuizoea nyingine.

Hatuhitaji kwenda mbali kupata funzo. Chura wa Kihansi, mdogo kama ukucha wa kidole gumba, aligunduliwa 1996 kwenye korongo lenye manyunyu ya maporomoko, upande wa Udzungwa. Mtambo wa umeme wa Kihansi, megawati 180, ulipochepusha sehemu kubwa ya maji, manyunyu yakakatika. Mwaka 2000 walikamatwa vyura 499 wakapelekwa Marekani kuzalishwa kwenye bustani za wanyama, na mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini hayupo tena. Waliporudi mwaka 2010 walifikia wapi? Hapahapa Dar es Salaam, Mlimani, kwenye maabara ya Chuo Kikuu. Kuanzia 2012 wakaanza kurudishwa korongoni. Lakini kabla ya kuwarudisha ilibidi korongo lifungiwe mabomba ya kunyunyizia maji ili lilowane tena, na ilibidi mtambo uachie maji kidogo yapite njia yake ya asili. Kuzaliana, vyura walizaliana ughaibuni, ingawa mwanzoni wengi walikufa. Lakini bila maji hawakuwa na nyumbani pa kurudi.

Wenzetu wa magharibi mwa Marekani wamelifanyia kazi hili kwa muda mrefu, na nililifuatilia tangu nikiwa kazini. Sehemu ya juu ya mto Colorado ina samaki wanne wasiopatikana bonde jingine lolote. Tangu 1988 serikali kuu, majimbo, wenye haki za maji na watetezi wa mazingira wanaendesha mpango mmoja wa kuwaokoa huku wakulima na miji wakiendelea kupata maji yao. Vituo vya vifaranga wanavyo. Lakini kwenye bwawa la Flaming Gorge, juu ya mto Green, wamejaribu kitu kilichonifurahisha sana: badala ya kuachia maji ya masika yao kwa tarehe, wanasubiri mpaka wapimaji waone mabuu wa samaki mmoja kati ya hao wanne wameanza kuonekana mtoni, ndipo maji mengi yanaachiwa, yawasukume mabuu hadi kwenye vidimbwi vya pembeni wanakokulia. Mwaka 2021 mmoja wa wale wanne, mwenye nundu nyuma ya kichwa, alishushwa ngazi moja kutoka kwenye orodha ya hatari kubwa. Safari yao bado ndefu, na ukame unawabana kama unavyotubana, lakini mshika lango anayemsubiri samaki ni jambo ambalo hata Kidunda linawezekana.

Nimerefusha huko kwa sababu ubora wa kituo hiki siwezi kuupima kwa mifuko na oksijeni pekee. Kinamuuliza mteja maji yake yanatoka wapi na yanakwenda wapi, na kinakubali kupoteza pesa kwa ajili ya jibu. Biashara ya namna hii nataka idumu.

Yapo ya kurekebisha, na nilimwambia ana kwa ana. Kubwa ni uhakika wa mbegu. Anatambua perege kwa macho: sato ana mistari myembamba ya wima iliyopangika mkiani, perege hana. Kwa samaki safi inatosha. Kwa chotara wa kizazi cha pili au cha tatu macho yanadanganya, na mwenye kutangaza perege wa Ruvu halisi anatakiwa kuwa na kipimo cha vinasaba cha wazazi wake. Chuo Kikuu kiko ng'ambo tu ya jiji, wataalamu wapo. Alisema gharama ndiyo kikwazo, nami nadhani wafugaji tukichanga kila mmoja kidogo tutamudu, na niko tayari kuanza.

La pili ni simu. Inaita muda mrefu bila kupokelewa, hasa asubuhi wanapofunga mifuko. Mpe kijana mmoja kazi hiyo. La tatu, chakula: hauzi chakula cha kuelea cha vifaranga wadogo, kwa hiyo mteja wa mara ya kwanza anafika nyumbani na samaki bila chakula chao mpaka azunguke tena mjini. Na bei ya 200, ingawa naielewa, itawakimbiza wanaoanza. Ningependa aangalie punguzo kwa wanaochukua 2,000 na kuendelea.

Nampa nyota nne kati ya tano. Ya tano inasubiri kipimo cha vinasaba.

Kwa anayetaka kwenda: oda inawekwa wiki moja kabla, unalipa nusu, nusu unamalizia siku ya kuchukua. Mzigo unatoka Ijumaa na Jumamosi alfajiri, na ukichelewa jua likapanda wanakurudisha mpaka wiki inayofuata, hawabembelezeki. Kiangazi kikikolea wanapunguza uzalishaji kwa sababu hawataki kuvuta kisima chao kupita kiasi kilichoandikwa kwenye kibali, kwa hiyo mnaopanga kupandikiza kabla ya vuli wahini. Mimi nimeshaagiza tena. Jirani yangu wa upande wa pili wa korongo, aliyekuwa na sato, anavua wa mwisho mwezi huu na atakausha bwawa kabisa kabla ya kupandikiza perege. Mifuko yetu itapanda gari moja na nauli tutagawana.